Mkanda wa Mla Peke Yake

Tadea hakuwa fundi wa kubembeleza wateja. Ukimwuliza kama rangi itatoka, hakujibu kwa mdomo. Aliichukua ile kazi yake mbele ya macho yako, akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya sabuni, akaifikicha kama anayefua soksi za mwanafunzi, akaikamua, akakukabidhi ikiwa bado inachuruzika. "Haya, nionyeshe iliyotoka," alisema, kisha akakaa kimya kukungoja. Mbinga mjini walimsema kuwa anaringa. Alikuwa anaringa kweli, na kwa kazi ile alikuwa na haki ya kuringa.

Kazi yenyewe aliifanyia nyumbani, chumba cha mbele, dirisha likiwa wazi ili joto litoke. Ilikuwa ile miaka ambayo soko huria lilikuwa limeshapanda hadi milimani kwa Wamatengo. Kahawa ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani na gari, nguo za mitumba zilishushwa kwa marobota, na printa zilizochokwa na ofisi za Dar es Salaam zilikuja kuanza maisha mapya mikoani. Tadea alinunua moja, akaijaza wino maalumu, akahangaika nayo mpaka wakaelewana. Picha au jina huchapwa kwanza kwenye karatasi, likiwa limegeuzwa kama linavyoonekana kwenye kioo. Karatasi hulazwa juu ya kitambaa cheupe, halafu hugandamizwa kwa pasi ya moto mkali. Kwa joto lile wino hugeuka mvuke, ukazama ndani ya uzi na kulala humo humo. Hakuna kinachobaki juu cha kubanduka.

Umeme wa mji ulikuwa wa jenereta, unakuja kwa zamu na kuondoka bila kuaga. Ulipokuja, Tadea alichapa karatasi zake zote. Ulipoondoka, aliwasha pasi ya mkaa na kuendelea, maana mkaa haukatiki. Moto aliupima kwa kipande cha karatasi nyeupe: ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, pasi iko tayari, ikigeuka kahawia, iache ipoe kwanza. Kitambaa nacho alikijua kwa kiberiti. Alichomoa uzi, akauchoma. Ukiacha majivu ni pamba, rangi haitashika, unarudi robotani. Ukijikunja na kuganda kama kipele cheusi ni poliesta, na hapo alitabasamu. Suruali nyeupe za michezo walizozichoka Wazungu zilikuwa dhahabu yake.

Mambo ya mbwa yalianzia ziwani. Mwenye nyumba moja ya wageni kule Mbamba Bay alitaka skafu yenye picha na jina la mbwa wake, akasema amechoka kusikia wageni wakimwita "wewe". Tadea alicheka mpaka akashika kiuno, kisha akaichapa, na ilipendeza kuliko fulana zote za Kipaimara alizowahi kutengeneza. Baada ya hapo mwambao mzima ukaingia wazimu. Walitaka mikanda ya shingoni, vitambaa vya kulalia, hata bakuli la maji lenye sura ya mbwa mwenyewe. Mama mmoja wa Mbaha alimchapishia mbwa wake skafu ya Pasaka, na watoto wake wakaenda kanisani na nguo za mwaka uliopita.

Kwa hiyo Mwenyekiti Placidi alipobisha hodi, akiwa na vumbi la njia nzima kwenye kofia, alikuwa anajua alikokuja. Placidi alikuwa mwenyekiti wa kijiji alichozaliwa Tadea, juu milimani. Alieleza kwamba huko chini barabarani mbwa mwenye kichaa alikuwa ameuma watu, na sasa bwana mifugo atapita kila kijiji kuchanja. Kila mbwa aliyechanjwa avae mkanda wenye jina lake na jina la mwenyewe. Asiye na mwenyewe anayejulikana atapigwa risasi siku hiyo hiyo.

"Tukasema, tutafuataje mikanda Songea na fundi tunaye?" Placidi alisema. "Wewe ni mtoto wetu."

"Umefika penyewe, Mwenyekiti," Tadea alijibu. Alikuwa ameshaanza kukata mikanda ya mabegi mabovu kichwani mwake, kuivalisha poliesta nyeupe na kuitia bizimu.

Akapanda mlima kwenda kupiga picha na kuchukua majina. Hapo ndipo kazi ilipomgeukia.

Asiye wa huko anaweza kushangaa, lakini mbwa wa kijiji kile hapewi jina kwa ajili yake. Hupewa kwa ajili ya jirani. Ukiwa na lako moyoni kuhusu mtu ambaye huwezi kumwambia usoni, awe mkwe, awe jirani, awe ndugu wa tumbo moja, unafuga mbwa, unayafanya yale maneno kuwa jina lake, na jioni unamwita kwa sauti yote aje kula. Mlengwa anasikia. Kijiji kinasikia. Wa kukushitaki hayupo, maana umemwita mbwa wako. Na mlengwa naye ana sharti lake: haitiki, hakohoi, hageuzi shingo. Akigeuza shingo tu, amekiri kwamba maneno ni yake. Kwa utaratibu huo watu wamechukiana pale miaka na miaka, kwa adabu kabisa.

Tadea alianzia kwa Mama Hildegardi, mjane mwenye mdomo wake.

"Mama, mbwa wako anaitwa nani?"

Hildegardi alitazama kulia, akatazama kushoto. "Simba."

"Simba?" Tadea alikuwa amemsikia mbwa yule akiitwa Mkwe Hana Shukrani tangu hajafumbua macho.

"Andika Simba, mwanangu. La kutamka hupita na upepo. Hilo lako la kupiga pasi litakaa shingoni mwa mbwa, mkwe wangu alisome kila akipita kwenda kisimani."

"Simba! Simba, njoo!" Tadea aliita. Mbwa aliendelea kujikuna.

Ikawa hivyo nyumba kwa nyumba. Mnanijadili akawa Simba. Sikuombi Chumvi akawa Simba. Tutaonana Shambani, ambaye aliwahi kusababisha ndoa kuvunjika, naye akawa Simba, na mwenye kumfuga akaapa kwa msalaba kwamba hajawahi kumwita vingine. Kufikia mchana kijiji kilikuwa na Simba watupu, pamoja na Jimi wawili watatu. Tadea alicheka peke yake njiani. Hakuwa anacheka tena alipofika kwao.

Baba yake, Isidori, aliishi peke yake mteremkoni. Mkewe alikuwa amefariki, watoto wameolewa na kuoa, na mwenzake wa kuongea naye alikuwa mbwa jike mweusi mwenye kifua cheupe. Aliongea naye kweli. Alimweleza habari za mvua, alimwuliza kama ugali umeiva, akamwachia nafasi ya kujibu. Usiku mbwa yule alizunguka mahindi akifukuza nguruwe pori, na asubuhi alirudi amelowa umande, akalala miguuni kwa Isidori wakati anakunywa uji. Tadea alimpenda kwa sababu hiyo moja. Alijua kwamba mbwa yule akiondoka, baba yake atabaki anaongea na ukuta.

Jina lake lilikuwa Mla Peke Yake.

Kilichompa jina hilo kilionekana ukisimama mlangoni: bati la nyumba ya Othmar, kaka mkubwa wa Isidori, likimeta ng'ambo ya kahawa. Kahawa ile ilikuwa ya mama yao. Mama alipofariki, Othmar aliivuna msimu mzima, akaiuza kwa wanunuzi binafsi waliokuja na gari hadi shambani, akaezeka. Mdogo wake hakuambulia hata kikonyo. Isidori alingoja aitwe wagawane. Hakuitwa. Aliacha kumwamkia kaka yake, akaacha kwenda sengu, pale ambapo ukoo unakula pamoja na kumaliza maneno yake, halafu akafuga mbwa. Kila jioni akawa anasimama uani na kuita, "Mla Peke Yake! Mla Peke Yake, njoo ule!" Othmar hakuitika hata siku moja, wala hakufuga mbwa wake kujibu, na jambo hilo lilimuudhi Isidori kuliko matusi.

"Andika Mla Peke Yake," Isidori alimwambia binti yake. "Kwa herufi kubwa."

"Na jina la mwenyewe, Baba?"

"La mwenyewe acha."

"Haliachwi. Ndilo wanalolitaka."

"Nikiweka langu chini ya lile, nimemtukana kaka yangu kwa maandishi. Wazee wa ukoo watanifukuza sengu moja kwa moja."

"Huendi sengu, Baba."

"Siendi kwa hiari yangu," Isidori alisema kwa ukali. "Kufukuzwa ni kitu kingine."

"Basi tumwite Simba, kama wenzake."

"Nirudi nyuma leo? Othmar acheke?" Mzee alimpapasa mbwa masikio. "Watampigaje risasi mbwa ambaye kijiji kizima kinajua ni wa kwangu? Chapa nilivyokuambia."

Tadea alimjua baba yake kama alivyojua pasi yake. Hakubishana zaidi. Aliporudi mjini aliuchapa mkanda alivyoagizwa, jina la mbwa na picha yake, kifua cheupe kikionekana vizuri, na pembeni akaacha nafasi. Kisha akachapa karatasi nyingine ndogo yenye neno ISIDORI, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Alijiambia kwamba mzee atashikilia ukaidi mpaka dakika ya mwisho, ataona bunduki, atasema. Pasi itakuwepo, mkaa utakuwepo. Alilala bila wasiwasi.

Siku ya chanjo watu walikusanyika mbele ya ghala la ushirika, ambalo siku hizi lilihifadhi popo tu. Bwana mifugo aliitwa Joakim, kijana wa upande wa Songea, mgeni kabisa pale, mwenye haraka na sauti ya ibada ya misa. Kando yake alisimama mgambo na bunduki. Joakim alikuwa anashika mkanda, anasoma kwa sauti, mwenyewe anajitokeza, mbwa anadungwa sindano.

"Simba, wa Hildegardi!"

"Huyu hapa."

"Simba, wa Mansuetus! Simba... jamani, hamna jina jingine huku?"

Watu wakacheka, wakitazamana kwa pembe za macho. Tadea alikaa kwenye benchi na pasi yake ya mkaa ikiwaka, akikaza bizimu zilizolegea, akipokea sifa kwa kichwa kilichonyooka. Mikanda ilikuwa imependeza hasa. Joakim mwenyewe aliusugua mmoja kwa kidole chenye mate na kustaajabu kuona rangi haikutikisika.

Kamba ya mbwa mweusi ilikuwa mkononi mwa Tadea. Isidori alisimama nyuma kabisa, kaegemea ukuta wa ghala. Othmar alikuwa upande wa pili, kwenye kivuli cha paa, na fimbo yake. Zamu ikafika.

"Mla Peke Yake," Joakim alisoma, akainua uso. "Angalau huyu ana jina lake. Wa nani?"

Waliokuwa wanacheka walifunga midomo. Kusema "wa Isidori" kulikuwa ni kusema mbele ya serikali kwamba Isidori anamtukana kaka yake, na hakuna aliyekuwa tayari kuyatoa hayo kinywani mwake. Mama Hildegardi aliinama kufunga kanga iliyokuwa imefungwa vizuri. Mwenyekiti Placidi aligundua ghafla kwamba kuna jiwe kwenye kiatu.

"Nauliza, wa nani? Hapa hakuna jina."

"Wa kwangu," Tadea alisema.

"Unaishi kijijini hapa?"

"Naishi Mbinga mjini."

"Na mbwa anaishi mjini?"

Tadea hakujua kusema uongo mbele ya watu waliomlea. "Anaishi hapa."

"Dada yangu, kazi yako ni nzuri, lakini mimi nataka mtu ambaye mbwa huyu akimuuma mtoto kesho, nitamfuata mlangoni kwake." Joakim aligeukia umati. "Kwa mara ya mwisho. Mwenye mbwa huyu ni nani?"

Tadea alimtazama baba yake. Isidori alimtazama Othmar aliyekuwa ng'ambo, akainamisha kichwa. Tadea akangoja. Alikuwa ameipigia hesabu dakika hii, ameifanyia mazoezi, amekuja na karatasi mkobani, na sasa dakika ilikuwa inapita na mzee hasemi. Akaogopa. Aliogopa kama hajawahi kuogopa katika kazi yake, kwa sababu mkanda ule usio na jina la mtu alikuwa ameuchapa yeye, kwa mkono wake, akijiona mjanja.

Joakim alimpungia mgambo. Mgambo akachukua kamba na kuanza kumpeleka mbwa nyuma ya ghala. Mbwa alikwenda akitikisa mkia, akirukaruka kando ya bunduki, maana alizoea kwamba bunduki ikitoka, ni siku ya kuwinda.

"Baba!" Tadea aliita.

"Naam," mtu akaitika.

Hakuwa Isidori. Othmar alikuwa ametoka kwenye kivuli cha paa na fimbo yake, anatembea taratibu katikati ya uwanja, na watu walimpisha kama wanavyompisha padri.

"Umeita Mla Peke Yake, bwana mifugo," alisema. "Ni mimi."

Joakim alimtazama, akautazama mkanda shingoni mwa mbwa. "Mzee wangu, mbwa ni wako au jina ni lako?"

"Vyote. Mrudisheni." Othmar alisimama, akashika fimbo kwa mikono miwili. Hakumtazama mdogo wake. Aliongea na uwanja wote. "Kahawa ya mama yetu niliivuna peke yangu, nikaiuza peke yangu, nikaezeka nyumba yangu. Kila jioni naitwa kutoka ng'ambo ile, na kila jioni nanyamaza. Mke wangu amekufa akiniambia, 'Baba Aurelia, itika yaishe.' Sikuitika. Mbwa huyu amelinda mahindi yangu sawa na ya mwenzangu, nguruwe wa pori hawaujui mpaka wetu, na yeye hajaujua. Mkimwua kwa ajili ya jina langu, nitalala wapi? Leo nimeitika. Mleteni hapa."

Mama Hildegardi alikuwa ameachia kanga yake ikaning'inia. Mgambo, ambaye naye alikuwa mtoto wa mlima ule na alielewa kila neno, alikuwa ameshageuza bila kuamriwa.

Hapo ndipo Isidori alipotoka ukutani. Alipita katikati ya watu akiwasukuma kwa mabega, mzee mzima, macho yamejaa machozi na hayafuti. Alimfikia mgambo, akaichukua ile kamba mkononi mwake.

"Mbwa ni wa kwangu," alimwambia Joakim. "Nimemfuga mimi, jina nimempa mimi, na nilijua ninamwita nani." Kisha akageuka. Alisimama mbele ya kaka yake kwa muda, kama mtoto aliyetumwa akasahau alichotumwa. Akainama.

"Shikamoo, kaka."

Othmar alimshika bega. "Marahaba, mdogo wangu. Marahaba. Mshike vizuri huyo, asimrukie bwana mifugo."

Joakim, ambaye alikuwa ameelewa nusu tu, alisema kwamba yote ni mema lakini mkanda bado hauna jina. Tadea alikuwa ameshaifungua karatasi. Aliipima pasi, kipande cheupe kikatoka rangi ya chai ya maziwa. Akauvua mkanda shingoni mwa mbwa, akaulaza kwenye ubao wa benchi, akaiweka karatasi mahali pake. Pasi ikisogea hata kidogo jina hutoka na kivuli, na Tadea hakuwa na karatasi nyingine.

"Nishikieni huku na huku," aliamuru, bila kutazama anamwamuru nani. "Vuteni, mkanda usicheze."

Othmar aliweka fimbo chini, akashika upande mmoja. Isidori alishika wa pili, huku kamba ya mbwa ikiwa imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Wazee wawili wakachuchumaa pande mbili za benchi, wakavuta. Tadea akaweka pasi, akaigandamiza kwa uzito wake wote, akangoja mpaka moshi mwembamba ulipotoka pembeni. Akainua. Akabandua karatasi.

Jina lilikuwa limetoka safi, jeusi, lisilo na kivuli.

Isidori aliuinua mkanda ukiwa bado wa moto, akausoma, akaupeleka karibu na macho ya kaka yake, naye akausoma. Kisha akapitisha kidole gumba kwenye ile sehemu nyeupe iliyobaki mbele ya jina lake.

"Tadea, hapa panatosha jina jingine?"

"Panatosha, Baba."

"Ukirudi mjini, chapa la kaka yangu. Lianze lake."